Ubao haupindi wenyewe

Wadau, nimekuwa kimya kwa muda hapa, na najua wapo mlioanza kusema kijana kapata shavu la maana, kaacha kuandika vya bure. Hapana jamani. Nilikuwa likizo nyumbani Sikonge, natengeneza meli.

Ndiyo, meli. Sikonge. Chekeni kwanza, nitawasubiri.

Kwa wasiopajua, Sikonge ni wilaya ya mkoa wa Tabora, kama kilomita 70 kusini ya Tabora mjini ukishika barabara ya kwenda Mpanda. Kwetu kuna asali, kuna tumbaku, kuna hospitali ya zamani ya Wamoraviani, na kuna misitu ya miombo mpaka macho yachoke. Bahari hakuna. Kwa hiyo mama aliponiona nimekaa chini ya mwembe na vipande vya mbao nikimwambia ni mashua, aliniuliza kama huko Dar wananilisha vizuri.

Chanzo ni mpwa wangu wa darasa la sita. Alikuwa anasoma habari za misafara ya zamani, ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, akaniuliza swali zuri: "Mjomba, hao wasafiri wakifika ziwani walivukaje?" Nikamjibu kwamba wengi walipanda mitumbwi ya wenyeji. Ila yupo mmoja aliyekuja na mashua yake mwenyewe, ikiwa imekatwa vipande, ikibebwa na watu kwa miguu. Hakuniamini. Nikamwahidi nitamtengenezea ndogo aione.

Mashua yenyewe iliitwa Lady Alice. Henry Morton Stanley aliiagiza Uingereza mwaka 1874, kwa fundi James Messenger wa Teddington. Ilikuwa ya mbao za mseda, urefu futi 40, upana futi 6, kina inchi 30, na unene wa ubao wake ulikuwa inchi tatu ya nane tu. Ilitengenezwa kwa vipande vitano vya futi nane nane, ili vikifika ukingoni mwa maji viunganishwe. Vilipofika Zanzibar vikapimwa vikaonekana vizito mno kwa mabega ya watu, ikabidi fundi mwingine avipunguze na kuvigawanya tena. Novemba 1874 msafara ukatoka Bagamoyo. Machi 1875 mashua ikawekwa kwenye Ziwa Victoria, ikalizunguka. Mwaka 1876 ikabebwa tena kuelekea kusini, ikakatiza Unyamwezi ya magharibi. Ndiyo safari ambayo Stanley alikutana na Mirambo, Aprili mwaka huo, wakachanjia. Kisha ikafika Ujiji, ikazunguka Ziwa Tanganyika, ikashuka mto Kongo, na mwaka 1877 ikaachwa juu ya mwamba karibu na maporomoko ya Isangila.

Nisieleweke vibaya. Simpambi Stanley. Mashua hiyo hiyo ilikuwa kwenye mkasa wa kisiwa cha Bumbire mwaka 1875, ambako baadaye alirudi na bunduki akaua watu wengi, na yeye mwenyewe aliandika hivyo. Kilichonivuta ni wabebaji. Mashua ile ilikuwa inatembea kwa miguu ya watu. Walichaguliwa wenye nguvu kuliko wenzao, baadhi yao waliwahi kuwa mahamali Zanzibar. Na njia nzima ya msafara kutoka pwani mpaka Ujiji isingekuwepo bila mapagazi, na katika kazi ya upagazi Mnyamwezi hakuwa na mpinzani. Vitabu vimejaa jina la mwenye mashua. Majina ya waliobeba utayatafuta kwa tochi.

Basi nikapiga hesabu. Ukigawa vipimo vile kwa 20 unapata mashua ya sentimita 61 kwa urefu, upana sentimita 9, kina karibu sentimita 4. Inakaa mezani bila shida. Nikanunua ubao wa paina dukani, ule wa mashamba ya Mufindi. Jamaa mmoja wa randa ya umeme akanichania vipande vya unene wa milimita mbili, upana milimita nane, kama fito nyembamba. Nikachukua na kibao kipana cha kuwa kitako, ambacho juu yake ningepanga mataruma. Vyote vilikuwa na ubichi kidogo, ukishika unasikia ubaridi. Mimi kwa uelewa wangu wa chuo kikuu nikaona dawa ni jua. Nikavipanga juu ya bati la banda la kuku, saa nne asubuhi, jua la Septemba la Sikonge, nikaenda zangu kunywa chai.

Niliporudi saa tisa nilikuta maajabu. Vipande vingine vimepinda kama upinde wa kuwindia. Vingine vimejisokota kama kamba. Kile kibao cha kitako kimebonyea katikati kama sahani, ungeweza kukitilia mchuzi. Nikajaribu kukinyoosha kimoja kwa nguvu, kikalia ta! Kikawa viwili.

Mama akasema, "Sasa hapo umepata kuni za chai ya jioni." Akanielekeza kwa fundi mmoja mzee wa seremala, nyuma ya soko. Nilipojua ni nani, miguu ikawa mizito.

Niwaambie kwa nini. Kabla ya hapo niliwahi kuandika habari kuhusu shule moja ya msingi ya mkoa wetu. Madawati mapya yalikabidhiwa kwa mbwembwe, risala zikasomwa, picha zikapigwa. Baada ya miezi michache yakawa hayatamaniki. Mbao za juu zimepinda, kalamu ya mtoto inabingirika yenyewe, viungo vimeachia. Nilikwenda, nikapiga picha, nikaongea na mwalimu, nikaongea na wazazi wawili. Kwa fundi nilipita dakika tano. Nikamuuliza, "Unasemaje kuhusu madai kwamba umetengeneza madawati chini ya kiwango?" Akasema mbao zilikuwa mbichi. Nikaandika: "Fundi huyo alipoulizwa alikiri kutumia mbao mbichi." Habari ikatoka ukurasa wa mbele wa mikoani. Nilifurahi kweli kweli. Nikakata kipande nikakihifadhi.

Fundi huyo ndiye niliyekuwa naelekezwa.

Nikaenda. Nikamkuta anapiga randa. "Shikamoo baba." "Marahaba. Wewe si yule wa gazeti?" Nikasema ndiyo mimi. Akanyamaza, akaendelea na randa yake mpaka mwisho wa ubao. Halafu akanyoosha mkono. "Lete hizo takataka zako."

Alichonifundisha siku ile na siku tatu zilizofuata ndicho kilichonifanya niandike makala hii, kwa hiyo nivumilieni kidogo kwa mambo ya mbao.

Somo la kwanza ni kwamba ubao haupindi kwa ukorofi. Mti mbichi umejaa maji, na uzito wa maji hayo unaweza kufikia nusu ya uzito wa mti mkavu na mara nyingine kuzidi. Yanapotoka, ubao unasinyaa. Lakini hausinyai sawa kila upande. Kwa urefu hausinyai karibu kabisa. Kwa kufuata mzunguko wa zile pete za mti, unasinyaa karibu mara mbili ya unavyosinyaa kutoka kiini kwenda gome. Kama hizo pete hazikukaa sawasawa kwenye ubao wako, lazima uvutane wenyewe kwa wenyewe. Na kama upande mmoja umekauka mbele ya mwingine, upande uliokauka unajikunyata na kuuvuta mwenzake. Bati langu lilikuwa chini, jua juu, upepo juu. Nilikuwa nimeagiza ubao upinde, na ubao ulitii.

Somo la pili, magonjwa ni tofauti na kila moja lina dawa yake. Fundi aliweka vipande vyangu juu ya kioo cha dirisha kilichovunjika, kwa sababu kioo ndicho kitu kilichonyooka kuliko vyote karakana pale, akavitenga mafungu manne.

Fungu la kwanza ni uliobonyea kama sahani, yaani kile kibao changu kipana. Akakipeleka nyuma ya nyumba kwenye majani mabichi, akayamwagia maji, akakilaza juu yake, upande uliobonyea chini, mgongo uliotuna juu ukiangalia jua. Upande wa ndani uliokuwa umekauka sana ukawa unakunywa maji, wa nje ukawa unakauka. Baada ya saa mbili hivi nilikuta kimelala chini kama mtu aliyesamehewa. Hapo ndipo kuna mtego. Ukikiacha mpaka uridhike, kitapitiliza kipinde upande wa pili. Alikitoa kikiwa kimenyooka, akakibana katikati ya mbao mbili nzito, akaingiza fito ndogo pande zote mbili ili hewa ipite juu na chini sawa, akaweka tofali nne. Siku mbili kisiguswe.

Fungu la pili ni uliopinda kwa urefu kama upinde. Hizi fito nyembamba alizilaza kwenye kipande cha bomba alichoziba upande mmoja, akamimina maji ya moto kutoka kwenye birika, akaziacha kama nusu saa. Kisha akazitoa moja moja, akazikunja taratibu kuelekea upande wa pili, akizipitisha kidogo kuliko unyoofu, akazibana kwenye ubao ulionyooka kwa vibanio vya nguo. Kwa nini azipitishe? Kwa sababu ubao una kumbukumbu. Ukiuachia, unarudi nyuma kidogo. Ukiunyoosha mpaka kwenye mstari tu, utarudi ukapinda tena.

Fungu la tatu ni uliojisokota. Huu ndio mgumu. Akabana kichwa kimoja kwenye jiliwa, akafunga kitambaa chenye maji kuzunguka ubao, akapitisha pasi ya mkaa juu ya kitambaa mpaka mvuke ukafuka, huku mkono mwingine ukiusokota kinyume. Kisha akaufunga kwa kamba na kuning'iniza jiwe mwishoni ili ubaki vile mpaka upoe na kukauka.

Fungu la nne ni uliopinda ubavuni, kama panga. Huu hakuugusa. Aliniambia ubao mwembamba hauwezi kunyooshwa kwa ubavu, ukilazimisha utavunjika au utajikunja mahali pengine. "Huu usiunyooshe. Utafutie mahali unapotakiwa hivyo hivyo ulivyo." Na kweli, mashua ina mahali pengi pa namna hiyo. Pale mbele zinapokutana mbao za pande mbili, nyingi za zile nilizotaka kuzitupa ziliingia kana kwamba zilizaliwa kwa ajili hiyo. Wajenzi wa majahazi wa Nungwi kule Unguja wanalijua hili tangu enzi. Kwa mataruma wanatafuta miti iliyojipinda yenyewe msituni, kwa sababu tawi lililokua limepinda lina nguvu kuliko ubao ulionyooka ukachongwa upinde.

Kuhusu mvuke, kisayansi ni kwamba ndani ya mti kuna kitu kinaitwa lignini, kinachozishika nyuzi kama gundi. Kikipata unyevu pamoja na joto linalokaribia la maji yanayochemka, kinalegea. Kikipoa kinaganda katika umbo utakalokuwa umelishikilia. Wanaokunja mbao nene kwa mvuke hukadiria saa nzima kwa kila inchi ya unene. Fito yangu ya milimita mbili inahitaji dakika.

Mimi kwa kujifanya mjuaji nikamtupia methali: "Ndiyo maana wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi." Mzee akacheka kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Ubao si samaki, mwanangu. Ukiukunja mbichi ukauacha, ukikauka utajikunja unavyotaka wenyewe. Kazi si kukunja. Kazi ni kushikilia mpaka ukauke."

Nililala na maneno hayo.

Siku ya tatu nikapata ujasiri. Nikamuuliza swali ambalo nilipaswa kumuuliza siku ile ya habari yangu. "Baba, yale madawati, mbao zilikuwa na siku ngapi tangu zipasuliwe?" Akaniangalia. "Siku ile hukuuliza." Halafu akanieleza.

Kazi aliitiwa muda ukiwa umeshabaki wiki tatu. Malipo yalikuwa baada ya kukabidhi, hakuna senti ya utangulizi, kwa hiyo alikopa. Kwa mtaji ule hakuwa na uwezo wa mbao zilizokaa ghalani, akachukua zilizotoka msumenoni wiki ile ile. Aliwaambia waliompa kazi kwamba mbao hazijakauka. Wakamwambia tarehe ya makabidhiano imeshapangwa na mgeni ameshaalikwa. Nilimtafuta mmoja wa waliokuwa kwenye kamati, akanithibitishia jambo la tarehe na jambo la malipo.

Kanuni ya zamani ya kukausha mbao kivulini ni kama mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Kwa joto letu na kwa paina inaweza kuwa miezi. Kwa vyovyote si wiki tatu, na ndani ya wiki hizo tatu kuna kupasua, kuchonga, kuunga na kupaka vanishi.

Sasa jamani, tuwe waungwana. Sisemi waliokuwa wanasukuma tarehe ni watu wabaya. Mtoto anayekaa sakafuni hawezi kuambiwa asubiri mwaka mzima mbao zikauke. Mtakumbuka mwaka 2016 nchi nzima ilikimbizana na kampeni ya madawati, na lengo lilikuwa jema. Wala fundi si malaika. Mwenyewe alikiri kwamba alipaka vanishi upande wa juu tu ili kuokoa gharama, jambo ambalo analijua fika kwamba ni kosa. Upande uliopakwa unafungwa, upande usiopakwa unaendelea kunywa na kutema unyevu, na kwetu ambako kuanzia Novemba mpaka Aprili ni mvua na miezi mingine ni ukavu mtupu, ubao wa namna hiyo hauna pa kujificha. Angeweza pia kukataa kazi. Ila nani kati yetu amewahi kukataa kazi kwa sababu muda ni mfupi? Mimi habari ile niliiandika kwa saa mbili kwa sababu mhariri alikuwa anasubiri.

Na hapo ndipo penye hoja yangu. Habari yangu nayo ilikuwa ubao mbichi. Kila neno lilikuwa kweli. Mbao zilikuwa mbichi, kweli. Fundi alisema hivyo, kweli. Lakini neno "alikiri" lilikuwa langu, na swali la "kwa nini" sikuliuliza. Ilionekana imenyooka kwenye ukurasa, baada ya muda ikapinda, na aliyekalia ni mzee wa watu. Anasema baada ya pale hakuitwa tena kwenye kazi yoyote ya shule. Siwezi kusema ni kwa sababu ya habari yangu peke yake. Siwezi pia kusema haikuhusika.

Sisi waandishi vijana tunapenda sana habari za "fundi feki", "mkandarasi kanjanja", "dokta wa uongo". Zinasomeka. Zina mtu wa kulaumiwa, tena mtu ambaye hana simu ya mhariri. Mara chache tunauliza nani alipanga tarehe, nani alishikilia malipo, nani alisaini kupokea. Dawati lililopinda lina mikono mingi. Sisi tunapiga picha mkono mmoja.

Tatu ninazopendekeza, na sizisemi kama mtaalamu bali kama mtu aliyeharibu mbao mwenyewe.

Moja, anayetoa kazi ya samani za umma aandike kwenye mkataba kwamba mbao ziwe zimekauka, na apime. Kipimo cha umeme kipo, ila hata bila hicho inawezekana. Chukua kipande, kipime kwenye mzani, andika. Kirudie baada ya siku kadhaa. Kikiendelea kupungua uzito, bado kina maji ya kutoa. Kikisimama, kiko tayari. Wilaya inayopima tumbaku na asali kwa mizani kila msimu haiwezi kusema haina mzani.

Mbili, fundi alipwe sehemu mwanzoni ili anunue mbao mapema azipange. Kupanga hakuhitaji elimu kubwa. Ni kivuli, fito za kutenganisha tabaka na tabaka, uzito juu, na subira.

Tatu, na hili ndilo linalonikera zaidi, tuna mabani. Wasomaji wa mjini, bani ni kile kijumba kirefu cha kukaushia tumbaku ya mvuke. Yametapakaa wilaya yetu yote, na msimu ukiisha yanakaa matupu kwa miezi. Ni majengo yaliyofikiriwa kwa kazi moja tu, kutoa maji kwenye kitu kibichi kwa utaratibu. Siombi yawashwe moto, kuni zetu zimeshateketea vya kutosha kwa tumbaku. Nasema yatumike kama kivuli cha kupangia mbao wakati hayana kazi. Kuna watakaosema dawa ni tanuru la kisasa la kukaushia mbao. Sawa, likija nitalishangilia na nitaliandika ukurasa wa mbele. Mpaka hapo, bani tupu ni bora kuliko bati la banda la kuku.

Kwa nini nihangaike hivi na mbao? Kwa sababu msitu wetu hauna uvumilivu wa kutusubiri. Mninga, ule mti ambao kila mtu anautaka kwa kitanda cha harusi, ukishakauka ni mmoja wa miti inayotulia kuliko yote, haupindi ovyo. Lakini unachukua miongo mingi kufikia unene wa kupasua mbao, na mwaka 2022 mkutano wa CITES uliofanyika Panama uliuingiza, pamoja na ndugu zake wa Afrika, kwenye Kiambatisho cha Pili, orodha ya miti ambayo biashara yake ya kimataifa inapaswa kudhibitiwa. Kila ubao uliopinda ukageuzwa kuni, kuna mti mwingine unaangushwa kuziba pengo lake. Kila mlango uliokwama wakati wa mvua, kuna mteja mwingine anayeapa kwamba mara nyingine atanunua wa nje. Tunapoteza mti, tunapoteza fundi, halafu tunasema Watanzania hatujui kazi.

Niliporudi kazini nilimwendea mhariri nikamwambia nataka kuandika tena habari ya madawati yale, safari hii na swali la kwa nini. Akaniambia imeshapitwa na wakati. Labda ana haki. Ndiyo maana naiandika hapa, ambako hakuna anayenihesabia nafasi. Kile kipande cha gazeti nilichokihifadhi nimekitoa kwenye bahasha yake. Sijakitupa. Nimeandika pembeni kwa kalamu: siku ngapi tangu zipasuliwe?

Mzee nilimwomba radhi. Hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe. Alisema, "Haya, leta gundi."

Mashua imekamilika. Ina vipande vitano vinavyoungana kwa vijiti, kama ile ya mwaka 1874 kabla haijapunguzwa Zanzibar. Haijanyooka yote. Ukiiangalia kwa nyuma, kulia kuna ubao mmoja umejiinua kidogo, kwa sababu niliufungua siku moja kabla ya wakati. Fundi aliniona nikiufungua na hakunizuia. Mpwa wangu ameipeleka shuleni, na kila kipande anakibebesha mtoto mmoja begani, anawapanga mstari. Stanley hayumo kwenye mchezo wao. Wamo wabebaji tu, na wote wana majina.

Naomba kuwasilisha. Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.